Upepo wa Njia ya Fizi

Njia ya kutoka Baraka kupanda Fizi inadai matairi ya aina mbili katika safari moja. Huku chini, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna mchanga, na penye mito kuna tope. Hapo gari linataka tairi laini, lililolegea kidogo, likanyage kwa bapa pana. Ukianza kupanda unakutana na mawe yenye makali, na tairi lile lile lililokuvusha mchangani linachanwa ubavuni kwa sababu limelegea. Gari halibadilishwi, matairi hayabadilishwi. Kinachobadilishwa ni upepo uliomo ndani. Kuupunguza ni kazi ya kijiti na dakika chache. Kuurudisha kunataka chombo, nami nimeendesha njia hizi miaka ya kutosha kuona magari yenye injini zisizochoka yakilala porini kwa kukosa chombo kinachoingia chini ya kiti.

Fizi ni teritwari kubwa ya Kivu Kusini, zaidi ya kilomita za mraba 15,000, yenye sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Ng'andja na Lulenge. Barabara ya Taifa namba 5 inaingia kutoka Uvira, inafuata ziwa kupitia Makobola, Mboko na Lusenda mpaka Baraka, kisha inaacha maji na kupanda Fizi-centre, halafu inaendelea Lubichako, Misisi na Lulimba kuelekea Kalemie. Miaka niliyoendesha mimi hapakuwa na lami kutoka Uvira kuja Baraka, wala kutoka Baraka kwenda mbele. Kwado, fundi wetu wa matairi, utampata kwenye vituo vikubwa: Uvira, Mboko, Baraka, Fizi-centre, na Misisi kwenye dhahabu. Katikati ya hapo uko na Mungu wako na ulichobeba.

Mimi nilibeba watu na mizigo ya afya. Dawa, chanjo, klorini za kipindupindu, na akina mama wenye uchungu tuliowashusha hospitali ya Baraka. Magari yetu yalikuwa Toyota Land Cruiser zile ndefu, 78, zenye injini ya dizeli ya lita 4.2 na matairi ya 7.50R16 yenye mpira wa ndani. Ofisi ilitaka kila gari liwe limeingia uani kabla ya jua kuzama, na sababu zake kila mkazi wa Fizi anazijua. Gari likisimama saa moja njiani, saa hiyo inatolewa kwenye usalama wa wote waliomo.

Aliyenifundisha njia alikuwa dereva mzee wa Mboko, mtu wa maneno machache. Siku za mwanzo, tukiwa kwenye mchanga, aliniona nikiinama kwenye valvu, akanishika bega. "Mutoto," akasema, "kama hauna kitu ya kurudisha upepo, usitoshe hata kidogo." Kisha akafungua sanduku lake la vyuma, akatoa pampu ndefu ya mkono iliyofungwa kwenye gunia, akaiweka chini mbele yangu. "Sasa tosha."

Nimeendesha na neno hilo mpaka leo, kwa sababu linaeleza mengi ya barabara yetu. Dereva asiye na pampu hathubutu kulegeza tairi. Anaingia mchangani na kilo tatu za upepo, gurudumu jembamba na gumu linazama, anakanyaga mafuta, linachimba, gari linakaa kwa tumbo. Vijana wa kijiji wanaitwa na majembe, klachi inanuka, mgonjwa nyuma anaguna. Gari likitoka linaacha shimo, na mvua ikinyesha shimo hilo linakuwa dimbwi la mwenzake wa kesho. Watu husema barabara mbovu inaharibu magari. Mimi naongeza kwamba sehemu ya ubovu huo inachimbwa na matairi magumu ya watu wasioweza kuyalainisha, na hawawezi kwa sababu hawana njia ya kuyajaza tena. Chombo cha upepo kinaamua namna dereva anavyoendesha tangu asubuhi, kabla hajakigusa.

Hesabu yake ni rahisi, na kila anayenunua aifanye kabla ya kutoa pesa. Sisi hupima kwa kilo. Kilo moja ya manometa zetu ni kama bari moja, yaani pauni 14.5 kwenye vipimo vya Kiingereza. Tairi la 7.50R16 ndani yake lina nafasi ya lita 60 hivi. Ukilishusha kutoka kilo tatu mpaka moja na nusu, kulirudisha kunataka lita 90 za hewa ya kawaida. Matairi manne ni lita 360. Namba hiyo ndiyo ya kupima nayo kila chombo: lita 360, kwa muda gani, kwa nguvu ya nani, na kikiharibika nani atakitengeneza.

Nasema moja na nusu kwa makusudi. Vitabu vya watu wa jangwani vinasema shuka mpaka kilo moja na chini yake, nao wana haki, maana matairi yao hayana mpira wa ndani. Yetu yanao. Ukishuka sana, tairi linateleza kwenye rimu, mpira wa ndani unavutwa, na shingo ya valvu inakatika. Hapo huna tatizo la upepo tena, una tatizo la kulivua tairi zima mchangani. Na ukishalegeza, nenda polepole: tairi lililolegea linajikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata joto, na kwa mwendo wa kasi linapasuka bila kukuaga.

Sasa ile pampu ya mzee. Pampu ndefu ya kusimama inasukuma kama nusu lita kwa kila mkandamizo. Kwa lita 90 ni mikandamizo 180, na hiyo ni hesabu ya karatasi. Ukiongeza upepo unaovuja na nguvu inayopungua, inapita 200 kwa tairi moja. Kwa manne ni kazi ya watu wawili wanaopokezana, na jua la Baraka halina huruma. Lakini pampu hiyo haitaki betri, haitaki fyuzi, haiogopi vumbi. Kinachokufa ndani yake ni kipande cha ngozi kinachobana kwenye bomba, na kipande hicho fundi viatu yeyote atakukatia kwenye ngozi ya zamani, ukipake grisi, uendelee. Pampu ya mguu ya silinda mbili ni ya haraka zaidi, lakini ile ninayoiona madukani kwetu ina pini nyembamba zinazopinda mapema. Ya mkono ndiyo niliyoiamini.

Halafu zikaja kompresa ndogo za umeme, zile za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Ofisi moja iliyotuletea magari iliweka moja katika kila gari, ndani ya mkoba mzuri wenye zipu. Nazungumza juu yake kwa urefu kwa sababu ndiyo inayonunuliwa zaidi, na ndiyo inayoua matumaini ya watu wengi. Tundu la sigara kwa kawaida linalindwa na fyuzi ya ampea 15 hivi. Kwa volti 12 hiyo ni wati 180, na moteri ya wati 180 haiwezi kusukuma upepo mwingi, hata kiboksi kikiandikwa nini. Kiboksi kinaandika lita kwa dakika pale ambapo bomba liko wazi na halisukumi kitu. Likishika tairi lenye kilo mbili, lita hizo zinapungua sana. Tuseme zinabaki kumi: lita 90 zinataka dakika tisa kwa tairi moja, na kabla ya tairi la pili silinda imekuwa ya kuunguza mkono.

Tulikuwa magari matatu kwenye njia ya Uvira mwaka 2020, mwezi wa tano. Mwezi wa nne maji ya mto Mulongwe yalikuwa yameipiga Uvira, yakabomoa nyumba na kukata madaraja, na ziwa lenyewe lilikuwa limepanda kuliko tulivyozoea. Kuna mahali barabara ilikuwa imefunikwa na mchanga uliosukumwa na maji, tukawa tunapita karibu na mawimbi. Tulilegeza magari yote matatu, tukavuka vizuri, hakuna aliyekwama. Upande wa pili, penye ardhi ngumu na mawe, tukatoa kompresa zetu za mkoba. Ya kwanza ikafanya tairi moja na kidogo, ikanyamaza. Ya pili ikaunguza fyuzi. Ya tatu ilifanya kazi, ikapumzika, ikafanya tena, na kila ilipopumzika tuliangalia jua na kuangalia milima. Kijana aliyekuwa na pikipiki za abiria karibu na hapo akatuletea pampu yake ya mkono bila kuombwa. Ndiyo iliyomaliza kazi. Tulimwachia maji, biskuti, na pesa aliyoikataa mara mbili kabla ya kuipokea.

Kompresa ile iliyonyamaza niliipeleka kwa kwado wa sokoni Baraka. Mtu huyu alikuwa na kompresa ya breki za lori, ameifunga kwa mkanda kwenye moteri ndogo ya petroli, na mtungi wa gesi wa zamani ndio tangi lake. Alijaza matairi ya mji mzima kwa mtambo huo. Aliigeuza ile yangu mkononi, akatafuta pa kuifungulia, akanirudishia. "Papa shofere, hii haina hata visi moja. Nitaifungua na nini?" Ilikuwa imebanwa kwa ribiti kiwandani. Alipoivunja tuliona ndani silinda ya plastiki iliyoyeyuka na pistoni ndogo iliyoshikamana nayo.

Swali lake nikaligeuza kuwa langu la kwanza kila ninapoulizwa ushauri wa kununua: ina visi? Chombo kinachofunguka kwa bisibisi na ufunguo wa namba kumi, Baraka itakitunza. Nilithibitisha hilo baadaye, tulipopata kompresa kubwa ya silinda mbili, ile ya kubana moja kwa moja kwenye nguzo za betri. Brashi zake za kaboni zilipoisha, kwado yule yule alichukua brashi za stata iliyokufa ya gari jingine, akazisugua kwenye msasa mpaka zikaingia, akafunga. Iliendelea kufanya kazi mpaka naiacha kazi ile.

Kompresa ya betri ndiyo jibu langu kwa gari la njia za Fizi, na sababu yake ni umeme. Inavuta ampea 30, na zile kubwa hufika 60. Ndiyo maana haiwezi kupita kwenye tundu la sigara na inashikishwa kwenye betri yenyewe. Kwa nguvu hiyo inaweza kusukuma lita 40 kwa dakika hata tairi likiwa na presha, hivyo tairi moja linachukua dakika mbili na kidogo, na yote manne yanakwisha kwenye dakika kumi. Injini iache ikinguruma, la sivyo utajaza matairi ya gari lisiloweza kuwaka. Waya zake ziwe nene. Waya nyembamba hula volti njiani, na moteri inayopata volti kumi badala ya kumi na tatu inachoka na kupata joto bila kazi. Na isomwe kwenye karatasi yake inaruhusiwa kufanya kazi kwa muda gani kabla ya kupumzika. Wengine huandika asilimia. Ikiandikwa 33, maana yake ni dakika kumi za kazi na ishirini za kupumzika, na dakika ishirini kati ya Mutambala na Fizi-centre ni nyingi.

Halafu kuna jambo la bomba, ambalo wauzaji hawalitaji. Betri ya Land Cruiser 78 iko mbele, chini ya boneti, na gari lenyewe lina urefu wa kama mita tano. Bomba la mita tatu linajaza magurudumu ya mbele na kukuacha unayatazama ya nyuma. Taka mita sita au saba, na kichwa cha kubana kinachoshika valvu chenyewe bila mkono wako. Usinunue kichwa cha kuzungusha kwa uzi. Kila ukikifungua kinakunyang'anya sehemu ya ulichojaza. Valvu haitakusumbua, kwa maana valvu ya August Schrader, aliyoipatia hataza Marekani mwaka 1893, ndiyo iliyo kwenye Land Cruiser, kwenye pikipiki na kwenye lori. Baiskeli zetu nyingi ndizo zenye valvu tofauti, na kiunganishi chake kidogo cha shaba ukiweke akiba kwenye sanduku, kwa ajili ya wakati utakapoazima pampu ya baiskeli.

Bomba refu lina faida ya pili, nayo ni uhai. Rimu nyingi za zamani za 7.50R16 ni za pete, vipande viwili vinavyoshikana kwa kubanwa na upepo wenyewe. Pete ikiwa imekaa vibaya au imeliwa na kutu, inaruka wakati wa kujaza, na mtu aliyeinama juu yake hapati nafasi ya pili. Tairi la pete likitoka kutengenezwa, lifungwe mnyororo au ligeuziwe pete chini, na mjazaji asimame mbali, nyuma ya mwili wa gari. Nimewahi kuona pete imekwama kwenye bati la paa la karakana. Vijana wanaojaza matairi barabarani huchuchumaa na kuweka uso karibu na manometa. Kila ukimwona mmoja, mwondoe pale.

Malori yanayopanda Misisi na Lulimba yana jibu lao. Breki zake ni za upepo, matangi yake hukaa na bari nane au zaidi, na mengi yana mahali pa kuunganisha bomba. Mara nyingi lori lilisimama kutusaidia, na dereva hakutuuliza sisi ni wa nani. Kwa mwenye lori, basi, chombo anacho tayari. Abebe bomba tu na kiunganishi. Kwa mwenye gari dogo, lori ni rafiki mzuri wa kukutana naye, lakini huwezi kuliweka kwenye ratiba.

Mgeni mmoja alikuja na mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, mfano wa mtungi wa kuzimia moto. Nakiri kwamba sijaona kitu cha haraka kama kile. Kilo moja ya gesi hiyo iliyobanwa mpaka kuwa maji inatoa zaidi ya lita 500 ikifunguliwa, inatosha matairi manne na inabaki, kimya kimya, bila betri wala kelele. Nchi ambayo mtungi unajazwa dukani, ningeununua. Baraka sikuona pa kuujaza. Isitoshe, geji yake haikuambii kilichobaki: maadamu kuna gesi ya maji ndani, sindano inabaki pale pale, na ni mizani tu inayojua ukweli. Na gesi hiyo ikipita nyuzi 31 za joto haiwezi kubaki maji tena, presha inapanda kwa kasi, wakati gari lililofungwa juani Baraka linapita nyuzi hizo kabla ya saa nne asubuhi. Mtungi mzuri una kizibo cha usalama kinachopasuka, lakini sitaki kipasuke kwenye gari lililombeba mgonjwa.

Siku hizi kuna pia kompresa zenye betri yake ndani, za kuchaji usiku. Kwa pikipiki ni nzuri mno, na mhudumu wa chanjo anayepanda milimani kwa pikipiki anastahili kupewa moja. Kwa tairi la lita 60 bado ni ndogo, na joto letu huimaliza betri mapema.

Njia ninayoipenda kuliko zote, na ambayo haihitaji ununue karibu kitu chochote, ni tairi la akiba. Lijaze kilo nne na nusu kabla ya kuondoka, kama maandishi ya ubavuni yanaruhusu, na beba bomba fupi lenye vichwa viwili vya kubana. Tairi la mbele likiwa na moja na nusu, liunganishe na la akiba: upepo unagawanyika, yote mawili yanasimama kwenye tatu. Tairi moja limepona ndani ya dakika chache, na akiba bado inafaa kufungwa. Ukiunganisha la pili, yatakutana kwenye mbili na robo, ambayo inatosha kukufikisha kwa kwado kwa mwendo wa taratibu. Mzee wa Mboko alikuwa na bomba hilo, amelitengeneza mwenyewe kwa vipande vya bomba la breki. Nimewaonyesha madereva wengi, na kila mara wanacheka kwa furaha, kwa sababu walikuwa wanaubeba upepo huo siku zote mgongoni mwa gari.

Manometa ibebwe peke yake, ile ya chuma ya kushika mkononi. Iliyopachikwa kwenye kompresa inatikisika nayo na baada ya miezi inadanganya. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukipima baada ya kupanda, joto limeongeza presha kama nukta moja ya kilo kwa kila nyuzi kumi, na mwinuko nao umeongeza kidogo: ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, na nyanda za juu za Minembwe zinapita 2,000. Usipunguze kwa sababu hiyo. Ukishuka utakuta umepungukiwa. Kompresa yenyewe huko juu inafanya kazi polepole zaidi kwa kuwa hewa inayovuta ni nyepesi, basi mpe muda zaidi dereva anayejaza Minembwe kuliko yule anayejaza ufukweni.

Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, adui ni vumbi. Kompresa inavuta hewa kupitia kisponji kidogo, na kisponji kikijaa, vumbi la Fizi linaingia kwenye silinda na kuila kama msasa. Kioshe kwa sabuni kila wiki, kikauke, kirudi. Weka kompresa juu ya zulia la gari unapojaza, usiiweke chini penye vumbi. Masika adui ni maji, na dawa yake ni sanduku la bati lenye mfuniko. Watu wengi wameniuliza kama si bora kuifunga moja kwa moja chini ya boneti. Ningefunga kama gari lingekuwa langu. Lakini gari la ofisi linaingia karakana wiki nzima, na kompresa iliyofungwa ndani yake inaingia nalo, wakati gari lililochukua zamu linapanda Fizi bila kitu. Iliyo sandukuni inahama na dereva. Pia inaweza kuazimwa na pikipiki ya mgonjwa iliyolegea njiani, na hilo kwetu lina uzito.

Ninyi mnaotayarisha magari Bukavu, Uvira, au ng'ambo kabla hayajapakiwa meli: kwenye orodha zenu nimeona jeki, sepetu, kamba ya kuvutia, pembetatu mbili na kizima moto. Ongezeni mstari wa upepo, na muuandike kwa ukamilifu: kompresa ya kubana kwenye betri, yenye visi na vipuri vya brashi na kisponji, bomba la mita saba, manometa ya mkononi, pampu ndefu ya mkono, na bomba la vichwa viwili. Kisha mwulizeni dereva atakayeliendesha gari kama kuna kingine. Na wewe dereva unayeondoka Baraka kesho, leo jioni washa injini, bana kompresa kwenye betri, jaza tairi la akiba mpaka kilo nne na nusu, usikilize kama inakohoa. Kama inakohoa, kwado wa sokoni hufunga baada ya magharibi.